Bi Masikio Avua Hedifoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi kamili alasiri, mwenzetu tunayemwita Bi Masikio atakabidhi funguo za maktaba ya sauti na kustaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la utangazaji kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba, amehamishwa ofisi mara nne, na hajakubali hata siku moja kwamba kanda imeharibika kabla hajaisikiliza mwenyewe.

Aliajiriwa kama karani wa maktaba. Kazi yake ilikuwa kubandika lebo, kupangusa vumbi na kuwaandama watangazaji wasiorudisha kanda. Jina alilipata mwaka wa pili. Siku hiyo alikuwa akipita kwenye korido na trei ya chai, akasimama ghafla mlangoni pa studio na kusema mashine inakwenda polepole. Fundi mkuu alicheka, akaipima ili amwaibishe. Kumbe kweli: ilikuwa inachelewa sekunde mbili kwa kila dakika. Kesho yake fundi huyohuyo alikwenda kuomba mwenye masikio yale ahamishiwe upande wa ufundi, na ndiye aliyemfundisha kushika wembe na kuunga utepe uliokatika.

Si kwamba hakukosea. Wakongwe wanaikumbuka nakala ya hotuba moja nzito ya ufunguzi ambamo, katikati ya makofi, ilisikika sauti ya mwanamke ikilalamika, “Jamani, kiatu hiki kitaniua!” Alikuwa ameacha maikrofoni wazi. Alirudia kazi ya siku nzima bila kuambiwa, na tangu hapo akawa anafanya kazi peku. Na hapo ujue mumewe ni fundi viatu.

Mtihani wake mkubwa ulikuja miaka kumi na mitano iliyopita. Ofisi zilikuwa zimejaa, na mkurugenzi wa wakati huo akakihitaji chumba cha maktaba. Agizo likatoka: kanda zote ziondolewe ndani ya siku tisini, kwa kuwa nyingi hazichezeki. Za kwanza kwenye orodha zilikuwa taarifa za hali ya hewa na za kina cha maji ya mto.

“Nani atasikiliza mvua ya juzi?” mkurugenzi aliuliza kikaoni.

Bi Masikio, ambaye vikaoni husema mara moja kwa mwaka, aliinuka. “Bosi, ya kesho tutairekodi. Ya juzi ndiyo hatuwezi kuirekodi tena.”

Mkurugenzi akatamka jambo la haki: siku zake tisini anazo, na atakachoweza kukifufua kitabaki.

Mimi ninayeandika haya nilikuwa mgeni kazini, meza yangu ikiwa jirani na yake, na nakiri sikumpa hata nusu ya matumaini. Kanda zilikuwa zimenyonya unyevu miaka nenda miaka rudi. Gundi yake ilikuwa inanata; ukiiweka kanda kwenye mashine inapiga ukelele kama mlango usiotiwa mafuta, na unga wa kahawia unabaki mikononi. Unga huo ndio sauti yenyewe, inapukutika.

Alisoma, akauliza, akaandikia watu asiowajua. Mwishowe akaazima kutoka maabara ya hospitali tanuri dogo la kukaushia vyombo. Alianza na kanda ya matangazo ya sabuni, ambayo tulikuwa na nakala zake sita, akaikausha kwa joto la nyuzi hamsini na nne kwa saa kumi. Jengo zima likavuma kwamba mama wa maktaba anaoka kanda. Kuna aliyekuja kuuliza kama zimeiva. Zilikuwa zimeiva! Kanda ilicheza mwanzo hadi mwisho, sabuni ikasifiwa kama siku ya kwanza. Tulipiga vigelegele kwa ajili ya sabuni.

Kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kilipolika, na dukani hakipo tena, mumewe alichonga kingine kutokana na kisigino cha kiatu. Kilidumu miaka mitatu. Siku ya themanini na nane mkurugenzi alikuja, akachomoa mwenyewe kanda moja rafuni, bila kuangalia lebo. Ilikaushwa, ikacheza. Alilifuta agizo palepale, na wiki iliyofuata tukaletewa kompyuta mbili za kuhifadhia sauti hizo.

Lakini lililomweka Bi Masikio vichwani mwa watu nje ya jengo hili ni daraja. Mhandisi wa daraja jipya alifika kwetu amekata tamaa. Madaftari ya vipimo vya mto yalikuwa yameungua zamani pamoja na ofisi yalimotunzwa, naye hakujua maji huweza kupanda mpaka wapi. Bi Masikio alimwambia akae. Kwa wiki tatu tulisikiliza misimu ya mvua ya miaka kumi na tisa, taarifa baada ya taarifa. Kwenye kanda namba 7318, mtangazaji aliyekwisha kufariki alisoma kwa utulivu kwamba kina cha mto asubuhi hiyo ni mita nane na sentimita kumi. Ramani ya daraja ilihesabu sita na nusu.

“Rudia, mama,” mhandisi aliomba. Akaomba tena, na tena. Kisha akakunja ramani zake, akaenda kuzichora upya.

Daraja liliinuliwa. Mwaka juzi mto ulipanda hadi mita saba na nusu. Maji yalipita chini, magari ya wagonjwa yakapita juu, na hospitali ya ng’ambo haikukatika hata saa moja.

Mwezi Machi mwaka huu kanda ya mwisho, namba 11,640, iliingia kwenye kompyuta. Wafanyakazi walijaa korido nzima. Bi Masikio alivua hedifoni, akatazama nyuso zetu, akasema, “Imekwisha. Sasa twendeni tukale, njaa inauma.” Kati ya kanda zote, arobaini na tatu tu zilishindikana. Zilizobaki zina nakala tatu, katika majengo matatu tofauti, na mafundi tisa aliowafundisha wanajua kuzitunza.

Bi Masikio, asante kwa subira yako, kwa ukali wako wa haki, na kwa kutufundisha kwamba kusikiliza ni kazi ya kutoa jasho. Msalimie shemeji yetu fundi viatu. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usioamshwa na saa, na nyumba yenye utulivu mwingi, ambao wajukuu wauvunje kila wanapotaka.