Mkebe wa Maharagwe wa Papa Ferdinand

Jumamosi tarehe 5 Julai 2025, Papa Ferdinand Harelimana anafunga miaka thelathini na sita ya kufundisha historia ya filozofia katika darasa la sita la sekondari, hapa shuleni kwetu Keshero. Ninayeandika ni jirani yake wa hesabu. Kati ya darasa langu na lake kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo kozi yake nimeisikia mara kumi na tisa bila kuiomba.

Alifika Septemba 1989, kijana kutoka milima ya Masisi. Aliwapitisha wanafunzi kwa Wagiriki waliouliza dunia imeumbwa na nini, kwa watawa waliotaka imani na akili zikae nyumba moja, hadi kwa yule Mfaransa aliyetilia shaka kila kitu. Huyo Mfaransa alimtesa. Mwaka mmoja Papa Ferdinand aliwaandikisha wanafunzi kwamba Mfaransa aliishi karne isiyo yake, akagundua wakiwa wameshamaliza shule. Alipanda pikipiki na kalamu nyekundu, akazunguka nyumba kwa nyumba hadi Bunagana mpakani, akisahihisha madaftari ya watu waliokwisha kuoa.

Lakini sifa yake kubwa ni kesi. Kila mwaka darasa humhukumu upya yule mzee wa Athene aliyeuawa kwa sababu ya maswali yake. Kila mtu hupewa maharagwe mawili kutoka kwenye mkebe wake, jeupe na jekundu. Jeupe ni kumwachilia, jekundu ni kifo. Moja unalidondosha kwenye kopo la kura, la pili unalirudisha kwenye mkebe, ambamo kura nazo hurudi zikishahesabiwa, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza ulichagua lipi.

Machi mwaka huu, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa baada ya vita vya Januari, nilimwomba aruke somo hilo. Siku hizo mtu aliweza kuchukuliwa na wenye bunduki kwa neno moja. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kupanga madawati.

Kesi ilipoanza, mwanaume tusiyemjua alivuka uwanja, akaingia darasani kwa Papa Ferdinand na kukaa nyuma na kalepe kadogo, kadaftari ka mfukoni, mkononi. Hakusalimia. Mimi niliacha chaki, nikaenda kusimama mlangoni pao. Zamu ya kumtetea mshtakiwa ilikuwa ya Bénita Mirindi, msichana wa miaka kumi na minane. Mgeni alianza kuandika.

Bénita alimtazama mwalimu wake. Papa Ferdinand alitikisa kichwa kidogo tu, kumwambia aendelee. Bénita akasema: "Mutu mwenye kuuliza haniibi kitu. Juu ya nini nimuogope?"

Mgeni aliandika na hilo. Nilimwona Bénita akishika ukingo wa meza, na nilimkasirikia rafiki yangu kuliko siku nyingine yoyote.

Ndipo Papa Ferdinand akatembea hadi dawati la nyuma na mkebe wake. "Huku kwangu hakuna mutu wa kuangalia tu, papa. Kamata mbili."

 Mgeni akaweka kalamu chini, akachukua jeupe na jekundu, akapanga mstari pamoja na watoto, akapiga kura na kutoka nje. Wanafunzi walikuwa arobaini na wawili, kura zikawa arobaini na tatu. Wiki nzima hatukulala. Hakuna aliyekuja kumchukua Bénita, wala mwalimu wake.

Leo mkebe unakwenda kwa Mwalimu Dative Umurerwa, atakayeshika kozi hiyo. Muzee, nina kosa la kuungama. Wewe ulikataza kuchunguza kura ya mtu, lakini mimi ni mwalimu wa hesabu. Mkebe ulikuwa na meupe hamsini na mekundu hamsini. Jana nimeyahesabu. Meupe yametimia. Jekundu moja halipo, yule mtu hakulirudisha mkebeni, aliondoka nalo mfukoni.

Alimwachilia, muzee.

Asante kwa kutokunisikiliza. Nenda ukapumzike na mkeo, Mama Perpétue, uishi siku nyingi zenye amani, na maswali yasikuishie.