Shangazi, Muuguzi wa Usingizi na Mwandishi wa Hadithi za Kuamkia

Marehemu Shangazi alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, kifungua mimba wa fundi bomba na mshona sare za shule. Alifuatwa na mmoja tu, baba yangu. Alianza kumtungia hadithi akiwa na miaka minane, kwa sababu umeme ukikatika Baba alikuwa analia mpaka majirani wanagonga ukuta. Bahati mbaya hadithi zenyewe zilikuwa za kutisha, kwa hiyo alilia zaidi.

Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, akamaliza mwaka 1981, kisha akaenda sekondari ya bweni. Huko aliwatungia wanafunzi wadogo, akiandika nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Kidato cha pili mwalimu alisoma hadithi yake mbele ya darasa, akauliza, "Msichana mkubwa hivi, bado uko kwenye sungura wa meno ya dhahabu?" Darasa zima lilicheka. Shangazi aliacha kuandika siku hiyohiyo. Nilipomuuliza kama alikasirika, alisema hapana, aliogopa, na woga ule ulimkaa miaka ishirini na zaidi.

Alipata stashahada ya uuguzi mwaka 1990, na baadaye akasomea dawa za usingizi. Mwaka 1994 alifunga ndoa na fundi friji aliyekuja hospitalini kutengeneza friji ya chanjo. Mjomba, ndiye fundi huyo, anasema muuguzi mmoja alimsimamia kama askari jela muda wote wa kazi, na alipoinuka kuondoka akaambiwa, "Ikiharibika tena, nitakujua." Iliharibika tena. Hawakujaliwa mtoto.

Kuanzia mwaka 1996 Shangazi alifanya kazi chumba cha upasuaji wa watoto. Yeye ndiye aliyeshika barakoa ya dawa. Mwaka 2008 mtoto wa kike wa kutolewa mafindofindo alimshika mkono, akamuuliza, "Nikilala, nani atanikumbusha kuamka?" Shangazi alisema moyo ulimpasuka paa. Akajikuta anamsimulia habari za chura aliyesikia kitu kinakwaruza ndani ya kabati. Chura anasogea, anashika kitasa, anafungua... na mtoto akalala. Alipoamka, sauti ikiwa imekauka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kulikuwa na nini?"

Shangazi mwenyewe alikuwa hajui! Alimwomba asubiri kidogo, akaenda kwenye ngazi za nyuma na karatasi, akaandika mwisho, akarudi kumsomea. Ndivyo alivyorudi kwenye uandishi akiwa na miaka arobaini. Tangu hapo alitunga hadithi za kukatwa katikati: nusu ya kwanza kabla ya dawa, nusu ya pili chumba cha kuamkia. Alizichapa, akazipiga pini, zikawekwa wodini. Alisema kumwandikia mtoto anayeogopa ni kazi ngumu kuliko kumtafuta mshipa, kwa sababu mtoto anajua ukidanganya.

Mwaka 2013 mtoto mmoja wa miaka mitano hakuamka. Madaktari walisema moyo wake ulikuwa dhaifu mno, na hakuna aliyekosea. Lakini Shangazi alibaki na nusu ya pili mdomoni. Aliacha kutunga kabisa. Miezi ilipita, ndipo mama wa yule mtoto alipokuja akasimama mlangoni kwa wauguzi.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamsimulia?"

"Ni mimi, dada."

"Mwisho wake ulikuwaje?"

Shangazi alimsimulia palepale koridoni, wamesimama. Yule mama aliomba arudie. Kisha akasema, "Basi usiache. Mwanangu aliingia mle anacheka." Shangazi hakuacha tena.

Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Tarehe 19 Mei 2025 alifanyiwa upasuaji, na safari hii yeye ndiye aliyewekewa barakoa. Alinishika mkono, nikasikia kiganja chake kimelowa. Mdogo wangu Kisoda, mwenye miaka saba, alisema, "Shangazi, nina hadithi. Nusu sasa, nusu ukiamka." Ilikuwa ya konokono anayevuka barabara kumpelekea mama yake miwani.

Shangazi aliamka. Ila daktari alituambia ugonjwa umeenea na hakuna kilichobaki cha kukata. Kisoda alipofungua mdomo kumalizia, Baba alimvuta kando. Baba hupaka rangi magari, hana imani na jambo lolote asiloweza kulipiga msasa, lakini siku hiyo aliiamini hadithi ya konokono. "Mtu asithubutu kuimaliza," alisema. "Akishasikia mwisho, atangoja nini tena?"

Tulimrudisha nyumbani, tukaivuta hadithi. Kila konokono alipokaribia ng'ambo, Baba alikohoa, na Kisoda akasema konokono amekumbuka hakufunga mlango, amerudi. Sote tulikuwa roho juu.

Jumatano, tarehe 11 Juni, Shangazi alifumbua macho. "Konokono ana mlango gani wa kurudi kufunga? Nyumba si yuko nayo mgongoni? Nani kawaambia muivute hadithi hii?"

Baba alisema, "Dada, ikiisha..."

"Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kukushinda wewe. Lakini yule mtoto alikwenda bila mwisho wake, na mimi sitaki kwenda hivyo. Sogea, mtoto aseme."

Kisoda alinitazama, akamtazama Baba. Baba alitikisa kichwa kukubali, uso ameugeuzia ukutani ili tusimwone vizuri. Kisoda akasema konokono alifika. Mama yake alivaa miwani, akamwangalia kuanzia pembe mpaka mkiani, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo!"

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Hapo hapo," alisema. "Usiongeze neno hata moja."

Usiku ule hakuna aliyethubutu kulala, na asubuhi bado alikuwepo, akaomba uji, akaulalamikia kuwa hauna sukari. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa kumi jioni, Mjomba akiwa amemshika mkono. Uso wake ulikuwa umetulia. Wenye hofu tulikuwa sisi.

Ameacha mume, mdogo wake mmoja, wifi yake, ambaye ni mama yetu, wapwa wawili wa kike, na watoto wengi tusiowajua kwa sura, walioamka wakiwa na kiu wakauliza, "Kisha?"

Apumzike kwa amani Shangazi yetu, na asitishwe tena na lolote.