Wazo la maman Eulalie

Ndani ya boti iendayo kisiwa cha Idjwi, maman Eulalie, mwenye mgahawa kule mtaa wa Kadutu, alikuwa akijicheka mbele ya muzee aliyekaa kando yake.

"Papa, nilinunua wazo ya publicité ku internet, ya kuvuta wateja. Wakaniambia: simamisha hema mbele ya mulango, panga viti, weka picha yako kubwa katikati ya maua. Na akili yangu yote, nikafanya!"

"Watu walikuja?"

"Sana! Wakilia. Wakakula samaki yote; ku kilio nani analipa? Sasa naenda kuonesha familia kama ningali muzima."

"Lakini viti vilijaa," muzee akasema. "Wazo iko bon!"

Kabla Eulalie hajamjibu, boti ilitia nanga. Shangazi zake walikuwa ufukweni, wamevaa nyeusi, wakimuuliza nahodha jeneza liko wapi.