Aliyepika kwa Hiari Yake: Marehemu Eliufoo Yakobo

Marehemu Eliufoo Yakobo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika kihamba hiki, shamba la ukoo, tunamomlaza leo, hapa Kidia, Old Moshi. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Yakobo na Mama Elinipendo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari mjini Moshi, kisha chuo cha kilimo. Tangu 1980 hadi alipostaafu 2017 alikuwa bwana shamba. Wakulima wa mpunga wa Mabogini wanamfahamu.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na Mwalimu Gladness. Walikubaliana kwamba anayetangulia kufika nyumbani ndiye anayewasha moto. Mwalimu alifundisha mpaka jioni, kwa hiyo mara nyingi aliyetangulia ni marehemu. Alikata majani ya ng'ombe akayabeba kichwani, alifua, alipika. Watu hawakuamini kwamba mwanamume mwenye akili zake hufanya hayo kwa hiari. Wakasema ni limbwata. Wanasema mpaka leo, hata chini ya maturubai haya.

Ijulikane basi. Mwaka 1991, mwalimu akiwa amejifungua, dada wa marehemu, Yuditha, aliingia bila hodi akamkuta kaka yake akiponda ndizi za mtori. Akafunua sufuria, akanusa.

"Kaka, huyu mwanamke amekulisha nini?"

"Atanilishaje, dada, na mpishi ni mimi? Njoo uonje."

"Sionji!"

"Basi funika. Mtori wa mzazi hauliwi kwa pua."

Marehemu aliicheka habari hiyo maisha yake yote. Dada hakucheka.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Majibu ya daktari yalisomwa mbele ya ndugu, ili pasiwe na la kuongeza. Likaongezwa: kwamba ni limbwata. Aliposhindwa kusimama jikoni, mkewe alimpikia uji. Dada naye akaleta wake kwenye chupa. Ndugu wakakaa kuangalia atakunywa upi. Aliomba wa mkewe, akaumaliza, akasema, "Sasa mmeona." Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2025.

Ameacha mjane, wana wawili, Godlove na Ezra, binti mmoja, Kindness, wajukuu wanne, na dada yake Yuditha. Chakula cha leo wamepika wanawe wa kiume, kama baba alivyowafundisha. Hakuna mwanamke aliyegusa sufuria. Mjane atapakuliwa wa kwanza, na atakula mbele ya watu wote. Dada Yuditha amewekewa kiti kando yake.

Bwana ampe Eliufoo pumziko la amani.