Bwana Kibano na Ngano ya Mkewe

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na baba yetu katika kituo cha utafiti wa ngano, familia inawaomba mtulie kidogo tuwasomee alivyoishi. Yeye mwenyewe alituagiza, akiwa na akili zake timamu, akasema, "Msinipambe. Lile la daftari mlisome, na mlisome mama yenu akiwa amekaa mbele." Mama amekaa mbele. Karatasi hii ameisoma jana mchana kabla yetu, na amesahihisha tarakimu moja tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, mtoto wa pili kati ya watano, baba yake akiwa seremala wa karakana ya reli na mama yake mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambamo cherehani ilikuwa na nafasi kubwa kuliko watoto. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, akawa wa pili darasani miaka minne mfululizo, kila mara nyuma ya binti wa posta, na shangazi zetu wanasema siku ya matokeo alikuwa halii, ila alikuwa hali chakula. Akaendelea na sekondari kuanzia 1965 hadi 1970, kisha chuo cha kilimo, akahitimu shahada mwaka 1974, safari hii akiwa wa kwanza, na cheti kile alikitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kukiona.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa kituoni, kitengo cha uzalishaji wa mbegu, na huko ndiko alikopata jina la Bwana Kibano, kwa sababu kibano cha chuma hakikumtoka mfuko wa shati. Kazi yake ilikuwa kuinama juani juu ya suke la ngano, kulifungua ua moja moja, kung'oa sehemu za kiume kabla hazijamwaga chavua, kulifunika suke kwa bahasha, na siku ya tatu kuliletea chavua ya ngano nyingine, ili watoto wa ngano hizo mbili wachukue mavuno ya mmoja na ukinzani wa mwenzake dhidi ya magonjwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, jicho lake halikosei, na wenzake walioko hapa ni mashahidi kwamba hatusemi hivi kwa kuwa amelala.

Mwaka 1979 kituo kilimwajiri msichana fundi wa maabara ya magonjwa ya mimea, mkimya, aliyeshinda juu ya hadubini akitazama kuvu inayoleta ugonjwa wa ngano uitwao kutu ya shina, mpaka vibarua wakamwita Mama Hadubini kabla hajawa mama wa mtu. Yeye na marehemu walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1981, wa pili 1984, na kitindamimba 1989. Marehemu alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, na aliona fahari kumtambulisha kwa watu, maadamu anamtambulisha kama mke.

Mwaka 1986 alitoa mbegu iliyomjengea jina, ile ambayo wakulima waliiita Ngao. Ilikuwa na kinasaba kimoja chenye nguvu, na kutu ikiigusa tu inakufa palepale, shina linabaki kijani safi kama limeoshwa, na kwa miaka kadhaa hukuweza kupita shamba lolote usisikie Bwana Kibano anasifiwa. Nyumbani mkewe alimwambia, kwa upole wake uleule, "Baba watoto, kinasaba kimoja ni mlinzi mmoja mlangoni. Kuvu ikibadilika mara moja tu, imepita." Marehemu akacheka, akasema, "Wewe na kuvu zako." Lakini neno lile lilimkaa rohoni.

Mama akarudi masomoni, akapata shahada ya pili mwaka 1993. Barua za watafiti wa nje zilikuwa zinakuja kwa jina la mkewe, naye anazipokea mapokezi, anazipima uzito mkononi, anazileta mezani. Mkewe akichelewa maabara, anauliza watoto kwa sauti ya juu, "Profesa wenu hajarudi?" Sisi tulidhani ni utani, tukacheka naye. Mama hakucheka.

Mama alikuwa akitafuta njia nyingine. Alikusanya vinasaba vidogo vitatu, ambavyo hakuna hata kimoja kinachoizuia kutu peke yake, akavichanganya msimu baada ya msimu mpaka vikakaa pamoja ndani ya ngano moja, na ngano hiyo ilishika kutu, ndiyo, lakini kidogo na kwa kuchelewa, punje zikawahi kujaa kabla ugonjwa haujafika mbali. Mistari kumi na moja ya ngano hiyo, yaani koo zake, iliingizwa kwenye majaribio ya mwaka 1998, na aliyepaswa kuikagua, kwa cheo chake cha mkuu wa kitengo, alikuwa mumewe.

Tarehe 20 Oktoba 1998, asubuhi, marehemu aliingia vitaluni peke yake na daftari. Alituhadithia mwenyewe kwamba alisimama mbele ya kitalu cha kwanza cha mkewe, akaona kutu imekula kama asilimia ishirini ya shina, akajua papo hapo kwamba kitu kile ni kikubwa kuliko Ngao, na mkono ukaandika sitini na tano. Akaenda cha pili, akaandika sabini. Akamaliza vyote kumi na moja, akafunga daftari, akaenda kunywa chai, na chai ilimshuka vizuri tu, jambo ambalo alisema lilimtisha kuliko yote.

Jioni hiyo alimwambia mkewe, "Mistari yako inashika kutu, mama watoto. Nimeiondoa kwenye majaribio."

"Inashika, lakini inachelewa," akasema Mama. "Ulitazama punje?"

"Nimetazama."

Mama akaamini, kwa kuwa jicho lile kituo kizima kililiamini. Mbegu zenyewe zilitakiwa kutupwa, lakini marehemu hakuwa na moyo wa kuzitupa, akazifungia chumba cha baridi kwa jina la kitu kingine, na kwa miaka mitano akala meza moja na mkewe akiwa na siri hiyo.

Mwezi wa Agosti 2003 kutu ya aina mpya ilifika, na Ngao ikaanguka. Marehemu alikwenda shambani kwa mkulima mmoja mjane, akapitisha kiganja juu ya mabua, kikatoka chekundu kama amesugua tofali, na alipokamua suke hapakuwa na punje ila maganda. Yule mama hakumpigia kelele. Alisema tu, "Bwana Kibano, wewe ulituambia hii haishiki."

Kesho yake saa mbili asubuhi aliingia ofisi ya mkurugenzi, akaomba mkewe aitwe, akaweka daftari mezani na bahasha kumi na moja za mbegu pembeni yake, akasema alichofanya bila kukizungusha. Mama alizitazama zile bahasha kwanza, akazihesabu, ndipo akamtazama yeye.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu," akasema marehemu.

Mama alichukua bahasha zake akaenda maabara kuzijaribu kama bado zinaota, na zilikuwa zinaota. Jioni alifungasha nguo, akahamia kwa dada yake, akakaa huko miezi saba. Marehemu alivuliwa ukuu wa kitengo, akapewa onyo la maandishi, na aliporuhusiwa kuchagua pa kwenda aliomba awe msaidizi katika mradi wa mkewe, maana hakuna mkono mwingine ambao ungeweza kuchavusha masuke yale kwa haraka iliyotakiwa. Mama alikubali kwa sharti moja. "Utaandika unachokiona," alimwambia mbele ya vibarua, "na mimi nitapita nyuma yako kupima upya."

Mama alirudi nyumbani Machi 2004, lakini sharti halikurudi nyuma. Misimu mitatu mizima alitembea hatua kumi nyuma ya mumewe na daftari lake, kitalu hadi kitalu, watu wote wanaona. Mwaka 2007, tarehe 11 Oktoba, marehemu alifika katikati ya safu, akageuka kumsomea mkewe namba, akakuta hayupo. Alikuwa mwisho wa shamba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa maji, amempa mgongo. Marehemu alimaliza safu ile machozi yakilowanisha karatasi, na aliandika alichokiona.

Alistaafu Machi 2010. Mbegu ya Mama ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011, na mpaka leo inasimama. Siku ya sherehe marehemu alipiga pasi koti lake mwenyewe, akakaa mstari wa tatu, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka, akarudi nyumbani, akakaa siku mbili hali chakula. Tusiseme uongo kwamba wivu ulimtoka. Haukumtoka. Alijifunza kuamka nao, kuuvalisha viatu, na kwenda nao kumsaidia mkewe kazi.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya rufaa, na mwanzoni mwa Novemba mwaka huu wa 2023 hali ikabadilika akalazwa. Jumapili muuguzi alisimama mlangoni akaita, "Daktari, njoo mara moja," na Mama, ambaye sasa ana shahada ya tatu na amezoea kuitwa hivyo, akaitika kabla ya daktari wa wodi. Marehemu akacheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Hata hapa wanakuita wewe." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopokezana nasi zamu za hospitali, wafanyakazi wa kituo mliomsamehe na mliomvumilia bila kumsamehe, na wakulima waliokuja leo kutoka mbali, akiwemo yule mama mjane, ambaye tumemwona na tumefurahi.

Mama ametuomba tumalize kwa maneno yake, nayo ni haya: Baba watoto, nimepita nyuma yako kwa mara ya mwisho, nimepima, na hesabu zako ziko sawa. Pumzika kwa amani.