Nzomo Anapeleka Ubao Kwa Chifu

Basi kutoka Mashuuru ilikuwa nusu tupu, kwa hivyo nilisikia yote. Kijana anayeitwa Nzomo alikuwa amepakata skeiti yake, ule ubao wa kutelezea ambao vijana husimama juu yake. Mimi nilidhani ni ubao wa kukatia mboga wenye magurudumu. Chifu wa Kitengela alikuwa amemwita aeleze kwa nini vijana wasikatazwe kuruka na hizo mbao sokoni.

Mama mzee aliyekaa karibu naye akauliza, “Utamwambia nini?”

“Nitamwelezea maneno yetu, susu,” akasema, akimwita nyanya kwa Kikamba. “Oli ni kuruka na ubao bila kuushika.”

“Na nani anaushika?”

“Hakuna. Ni miguu tu.”

Mama akaiangalia miguu yake kwa heshima. “Sisi kwa ngoma tulikuwa tunapinduka hewani, na kila mruko ulikuwa na jina. Chifu wa siku hizo hakuelezewa majina. Aliitwa aone. Wewe ruka hapo mlangoni kwake.”

“Nikianguka?”

“Kuanguka pia kuko na jina?”

“Iko. Tunaita beili.”

“Hiyo usimfunze.”

Basi ikasimama Kitengela. Nzomo alishuka akisema chifu lazima aelezewe kwanza. Mama naye akashuka nyuma yake akibishana, na alikuwa amekata tikiti ya Athi River, mbele ya Kitengela.