Mama Joka na Mwanamfalme Aliyechelewa

Sogeza redio karibu, msikilizaji mpendwa, wewe na wote ulio nao hapo. Leo namkumbuka mwanamke ambaye hakupenda kupambwa kwa maneno, nami sitampamba. Alikuwa fundi wa makochi. Mtaa mzima ulimwita Mama Joka. Alitutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua mapafu kwa muda mrefu.

Jina hilo lilitokana na riwaya. Riwaya nene, ya mwanamfalme aliyekwenda ng'ambo ya milima kupigana na joka lililolalia taji lake. Aliisoma akiwa msichana, akairudia mpaka jalada likabanduka, akalishona kwa uzi wa makochi. Mteja alikuja kubadilisha sponji, akaondoka na habari za joka.

Na kwa sababu ya riwaya hiyo, wasikilizaji wapendwa, aliolewa na mtu wa maneno matupu. Dada yake mkubwa hafichi. "Alikuwa na mabega mapana na mipango mikubwa," ananiambia. "Mdogo wangu aliona mwanamfalme. Mimi niliona mvivu."

Mume akaaga kwamba anakwenda mbali kutafuta maisha. Kana kwamba maisha hayakuwa pale pale nyumbani, yakilia yakitaka maziwa. Alimwacha mkewe na mtoto mchanga wa kike na paa lililoezekwa nusu. Paa alilimalizia mke. Mtoto alimlea mke. Majirani walipomsema mume, Mama Joka alimtetea: hata mwanamfalme alikawia.

Miaka ikapita. Mapafu yakaharibika, daktari akamkataza vumbi la sponji. Binti yake, ambaye ndiye anayeendesha karakana sasa, akampa riwaya ile ajiliwaze nayo.

Hakujiliwaza. Alianza kwa kucheka, akaishia kukunja uso. Mwanamfalme anatumia sura nzima kuusifia upanga wake. Huku nyuma mkewe, malkia, analinda ngome, anazika watoto wa watu, anayeyusha bangili zake zifanywe mishale. Mwandishi anampa nusu ukurasa. Mama Joka alimuuliza binti yake kama huyo bwana alikuwa mtu mzima kweli, au mtoto aliyevishwa kofia ya chuma.

"Mama alikuwa anamsema baba," binti anasema. "Ila ilibidi aanzie kwenye kitabu."

Basi mume akasikia kwamba mkewe anaumwa. Akarudi. Alirudi ananukia manukato, akaketi kwenye kochi jipya kuliko yote karakanani, akaanza kusimulia taabu za safari. Taabu zake yeye! Hakuuliza dawa zilikuwa zipi. Binti hakumtambua, ilibidi aambiwe huyu ni nani.

Mama Joka alimsikiliza mpaka akachoka. Kisha akampa riwaya, akamwomba asome sura ya mwanamfalme kurudi nyumbani. Akasoma. Sauti nzuri anayo, tusimnyime hilo. Akasoma jinsi malkia alivyopiga magoti, akamwosha miguu, asiulize hata swali moja. Alipomaliza akatabasamu. Alidhani amesamehewa.

Mama Joka akamwambia taratibu: "Nilikuwa nalia nikifika hapa. Leo naona upuuzi mtupu. Na wewe umeusoma wote bila hata kuona haya."

Halafu akamwomba ainuke, kwa sababu mwenye kochi alikuwa anakuja kulichukua. Na kweli alikuja. Mume akasaidia kulibeba mpaka nje. Hakurudi ndani.

Dada mtu anasema mgonjwa alilala vizuri siku ile, kuliko alivyolala kwa muda mrefu.

Asubuhi ya leo, wasikilizaji wapendwa, bwana huyo alinipigia simu hapa studio. Aliniomba nimtaje kama mume mpendwa aliyesimama na marehemu. Nilimwuliza alisimama wapi. Akakata simu.

Kwa hiyo pole zangu nazipeleka kwa wawili tu: kwa dada, aliyemwogesha mgonjwa, na kwa binti, aliyekuwa akimgeuza kitandani. Mungu awape nguvu.

Nawe unayenisikiliza, kile kitabu ulichokipenda ujanani kitafute ukisome tena. Tazama nani anapewa sifa, na nani anabeba maji. Kisha nyanyua macho, utazame waliomo ndani ya nyumba yako.